Kwa Momanyi, Anayekwenda Kuwa Askari

Mwanangu Momanyi,

Hali sikuulizi, kwa maana nakusikia ukikoroma upande wa pili wa ukuta, na chakula kilichokulaza hivyo nimekipika mimi. Habari za kufua soksi, kulala mapema na kutoazimisha watu nguo amekwisha kukuambia baba yako. Ulivyomwitikia "ndiyo, ndiyo" nilijua husikii, kwa hiyo sitarudia. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Uisome hapa nyumbani kabla hujatoka. Usiende nayo ukaisome ndani ya basi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na usicheke. Ekegusii ni lugha ya nyumba hii, na haya ninayotaka kusema nikiyasema kwa Ekegusii nitalia nisimalize. Kwa Kiswahili naweza kuyasimamisha mbali kidogo nikayatazama. Tena Kiswahili changu unakijua. Shule niliishia darasa la nne tu kwa wamisheni, lakini miaka ile baba yako akichuma chai Kericho mimi niliuza ndizi kwa Wajaluo, Wakipsigisi, Waluhya na Wahindi, na hakuna aliyewahi kunipunja kwa sababu ya lugha. Mlima huu wote, mwanamke wa kwanza kuzungumza na bwana ofisa bila mkalimani ni mimi mama yako. Muulize yeyote. Hata wanaonichukia watakubali.

Nianze na furaha, maana nisipoanza nayo itapotea humu ndani. Siku ile ya kuandikisha polisi uwanjani Kisii vijana walikuwa wengi kama siafu, na mimi nilikuwa nje ya seng'enge na kikapu changu. Ulipokuja mbele ukikimbia, mwanamke mmoja nisiyemjua akauliza, "Huyo mrefu ni wa nani?" Nikamwambia, "Dada, huyo ametoka katika tumbo hili." Walipokuambia ufungue mdomo watazame meno, nilipaza sauti: "Tazameni vizuri, hayo ni maziwa ya ng'ombe wangu!" Ofisa akageuka, akacheka. Wewe uliona haya, nilikuona. Mimi sikuona haya. Nilitoka hapo nikaenda soko la Daraja Mbili na ndizi zangu, na siku hiyo sikubishana bei na mtu. Wenzangu wakaniuliza, "Mama Momanyi, leo umelewa?" Nikawaambia, "Nimelewa mtoto."

Basi furaha ni hiyo, na ni ya kweli, na usije ukadhani naifuta kwa yanayofuata.

Ulipoingia hapa na karatasi ya serikali mkononi, dada yako Kemunto alikuwa anakula. Aliweka tonge chini, akanawa mikono, akatoka. Tangu hapo hajala na wewe. Ukija jikoni yeye hupitia mlango wa nyuma. Uliniuliza, "Mama, Kemunto ananionea wivu?" Nikakuambia kichwa kinamuuma. Nilikudanganya, tata, mwanangu. Kemunto hana wivu na mtu. Anaogopa nguo utakazovaa.

Ulikuwa mdogo, hata kufunga kamba za viatu hujui, tulipokupeleka kwa nyanya yako Magwagwa. Tulikuambia nyanya anataka mtu wa kufukuza ndege kwenye wimbi. Uliporudi tukakuambia Kemunto aliolewa, hawakupatana, amerudi. Hadithi hiyo ndiyo iliyotembea mlimani, nasi tukaiacha itembee kwa kuwa ilikuwa na heshima kidogo. Lakini sasa unakwenda kuwa mmoja wa wale watu wa polisi, na si haki uingie kwao bila kujua walichotufanyia.

Yule karani wa pareto unamjua. Siku hizi ana duka Birongo na tumbo, lakini wakati huo alikuwa kijana mwembamba, na ndiye aliyekuwa akipima magunia yetu kwenye kituo cha kununulia pareto. Alikuwa na saa ya mkononi na baiskeli. Kemunto alikuwa akijifunza kushona kwa mama mmoja pale pale Birongo, kwenye veranda ya duka, na alikuwa mzuri. Siongezi chumvi. Kanisani Sabato watu walikuwa wakigeuka kumtazama, mimi nakaa wima kama mimi ndiye ninayetazamwa.

Karani akatuma esigani, yule mtu wa katikati anayekuja kuulizia msichana. Alikuwa shangazi yake, mama mnene mwenye maneno matamu. Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia mlangoni kabla ya mgeni. Mtu ana mshahara wa kila mwezi! Nilichinja jogoo. Nilisonga ugali wa wimbi, chai nikaijaza maziwa mpaka ikawa nyeupe, na kabla shangazi hajavuka mto kurudi kwao, mimi nilikuwa nimekwisha kupita kwa majirani watatu nikiwaambia ni nani amenitumia mtu.

Kemunto alinisubiri mpaka nilipomaliza kuosha vyombo. Akasema, "Mama, huyo mtu simtaki."

"Kwa nini? Ana nini?"

"Hana kitu. Lakini akinitazama, mama, ni kama anatazama gunia ambalo amekwisha kulipima."

Nilinuna wiki nzima. Baba yako ndiye aliyesema, "Msichana amekataa, amekataa," akatuma neno kwa shangazi kwamba hakuna kitu. Kwa desturi yetu ingekuwa imekwisha. Esigani anakuja, anakula, anajibiwa hapana, anakwenda kujaribu boma lingine. Watu wengi wamekataliwa hivyo na leo ni marafiki.

Huyu hakwenda. Alianza kusimama.

Sijui jina la kitu hicho. Hakusema neno baya, hakushika mtu. Alisimama tu. Kemunto akikaa kwenye cherehani, karani yuko ng'ambo ya barabara ameegemea baiskeli. Kemunto akifunga kazi, yeye nyuma, mbali kidogo, anapiga mluzi wimbo wa kanisani. Yeye ni Mkatoliki, lakini Sabato ikifika yuko kanisani kwetu, benchi la nyuma ya Kemunto, anapumua. Mtoni kuna jiwe ambalo Kemunto alizoea kufulia. Asubuhi moja alikuta juu yake mche wa sabuni mpya. Siku nyingine utepe wa nywele. Siku nyingine sabuni tena. Kijana mmoja wa kwaya alimsalimia Kemunto njiani, na jioni yake akavunjiwa baiskeli na watu asiowajua. Karani akawa anawaambia watu sokoni, "Yule ni wangu. Mama yake ameshanilisha."

Kemunto akaacha kuimba. Akaanza kuota akipiga kelele. Nikasema, tuna serikali yetu sasa, Uhuru tumepata, twende polisi. Nilivaa rinda la Sabato, nikamshika mkono tukaenda.

Kituoni kulikuwa na sajini, mtu wa makamo, na kando yake askari kijana, amekaa mbele ya kitabu kikubwa cha ripoti, kalamu mkononi. Nikaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili safi. Sajini akanisikiliza kichwa amekiinamisha upande. Nilipomaliza akasema, "Mama, Kiswahili hiki umejifunzia wapi? Wewe si Mkisii kabisa. Wewe ni wa Mombasa!"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Akamgeukia Kemunto. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Amekuibia?"

Kemunto akasema polepole, "Ananiletea sabuni."

Sajini alipiga kaunta kwa kiganja. "Sabuni! Bibi yangu analia kila mwisho wa mwezi nimletee sabuni, na wewe unamshtaki mtu aliyeleta bila kuombwa? Niambie, mama, huyu mtu alituma esigani?"

"Alituma."

"Mkampikia?"

"Tulimpikia."

"Mboga?"

Nikasema, "Jogoo."

"Jogoo! Mmemlisha mtu jogoo halafu mnakuja kusumbua serikali. Mama, barabara ni ya kila mtu. Kusimama si kosa. Akimgusa, akimtoa damu, njoo, nitakwenda mwenyewe kumfunga pingu. Lakini sabuni?"

Sasa sikiliza hapa, Momanyi, kwa sababu ndicho kilichoniketisha kuandika. Yule askari kijana alikuwa amefungua ukurasa. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Nadhani alikuwa ameanza jina la Kemunto, kwa maana alimwuliza kwa upole, "Jina la baba?" Kisha sajini akacheka, kijana akainua macho akamtazama sajini, akatazama kalamu yake. Akaiweka chini. Naye akacheka. Kicheko chake hakikuwa na furaha, kilikuwa kicheko cha mtu anayetaka kufanana na mkubwa wake. Lakini alicheka, na kitabu kikafungwa.

Mimi nilirudi nyumbani nimefurahi. Naandika hivi na mkono unataka kukataa. Nilirudi nikimwambia baba yako, "Sajini amesema mimi ni kama mtu wa Mombasa!" Nilikuwa nimesifiwa, nikadhani nimesaidiwa. Kemunto alikaa mlangoni, akaniangalia nikisimulia. 

Tulirudi tena. Tulirudi mara nyingi mpaka mbwa wa kituoni akaacha kutubwekea. Tukienda kwa chifu, chifu anasema hayo ni ya polisi. Tukienda polisi, wanasema hayo ni mambo ya mila, nendeni kwa chifu. Siku moja karani alimshika Kemunto mkono kwenye daraja la miti, akamshikilia mpaka watu walipotokea. Tukaenda mbio, alama ingali nyekundu. Askari wa zamu akaugeuza ule mkono kama anayenunua muhogo. "Hii? Hata mimi nikifunga saa yangu sana napata alama kama hii." Kisha akanipa ushauri, na alidhani anatupenda: "Mama, msichana asitembeetembee. Mkae naye nyumbani."

Na tukafanya hivyo. Tulimtoa kwenye cherehani. Tukamkataza soko, tukamkataza kwaya. Karani aliendelea kuzunguka na baiskeli yake mlima mzima, na aliyefungwa akawa Kemunto, na waliokuwa wakilinda mlango wa gereza ni mimi na baba yako. Hapo ndipo tulipokupeleka wewe kwa nyanya, kwa sababu karani alikuwa ameanza kukusimamisha njiani akikupa peremende na kukuuliza dada yuko wapi. Huenda peremende unazikumbuka. Mtu aliyezitoa ni huyo.

Halafu ukaja wakati wa mavuno ya wimbi, wakati wa harusi.

Wewe umekuta mambo yamepungua, harusi siku hizi ni za kanisani na gauni. Lakini mila yetu unaijua. Bibi harusi wa Kigusii haendi akicheka. Vijana wa upande wa bwana harusi wanakuja kumchukua, naye anajificha, anashika nguzo, anauma mtu, analia mpaka sauti inakatika. Asipolia watasema alikuwa anawasubiri njiani. Hata aliyempenda mtu wake toka moyoni, analia. Mimi mwenyewe walinitoa juu darini nimekumbatia boriti, na huku nilikuwa nimekwisha kupaka mafuta miguu tangu asubuhi. Kwa hiyo sisi tukisikia msichana analia bondeni wakati wa mavuno, hatukimbii. Tunatega sikio tusikie kama analia vizuri.

Wiki hiyo kila mtu alijua binti wa jirani yetu wa chini atachukuliwa. Mimi na wanawake wengine tulikuwa juu shambani tunachuma pareto. Kemunto alikuwa ameniomba, "Mama, niende mtoni tu, mara moja, nichote maji, nione watu." Alikuwa amekaa ndani muda mrefu mpaka ngozi imefifia. Nikamwambia nenda.

Kilio kikatoka bondeni. Kilikuwa kirefu, kikakatika, kikaanza tena. Wanawake wakainua vichwa.

"Huyo ameanza," akasema mmoja.

"Huyo amefundishwa na mama yake!"

"Sikia, sikia, anaita mama!"

Na mimi, mama yako, nikajifuta jasho nikasema, "Hiyo ni kelele ya kuku. Nilipochukuliwa mimi, nilisikika mpaka ng'ambo ya mlima wa pili." Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kuchuma.

Kilio kilikuwa kikiniita mimi, Momanyi.

Jirani yule wa chini ndiye aliyepanda akikimbia, ana wasiwasi. Akasema, "Wangu yuko nyumbani, hawajaja. Nani huyo?" Nilipofika mtoni nilikuta debe limelala ubavu, maji yamekwisha kuingia ardhini.

Sikumbuki njia ya kwenda kituoni. Nakumbuka Landrova ilikuwa pale nje, askari mmoja anaiosha magurudumu. Nikasema, "Wamemchukua, twendeni na gari, hawajafika mbali." Sajini akatoka akifunga mkanda.

"Wamemchukua wapi?"

"Mtoni. Alilia, watu wote wamesikia."

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

Nikatazama gari. Akauliza tena. Nikasema, "Nilidhani ni bibi harusi."

Akafungua mikono hivi. "Basi, mama. Wewe uliyemzaa umesikia ukasema ni bibi harusi. Sisi tuliokuwa hapa tungesema ni nini? Hiyo ni ndoa. Rudini nyumbani msubiri ng'ombe wa mahari." Na gari, akasema, halina petroli.

Yule kijana wa kalamu alikuwa mlangoni. Hakucheka siku hiyo. Alitazama viatu vyake. Mpaka leo sijui kama kutazama viatu ni afadhali kuliko kucheka. Kemunto hakusaidiwa na kimoja wala kingine.

Kemunto alikaa kwenye boma la kaka yake karani tangu mavuno yale mpaka mvua kubwa. Baba yako alikwenda na ndugu zake, wakakuta wazee wamekaa tayari kuzungumzia ng'ombe. Baba yako akasema hataki ng'ombe, anataka mtoto. Wakamcheka, wakamwambia kila baba husema hivyo ili bei ipande. Ndugu zake wenyewe wakamshika bega, wakasema, "Kubali, mambo yameshaharibika, chukua ng'ombe." Hakuchukua. Huyo ndiye baba yako. Ukimwona kimya usidhani ni mtu dhaifu.

Kemunto alijitoa mwenyewe. Alfajiri moja ya mvua alipita kati ya michai mpaka barabarani. Unajua alikwenda wapi kwanza? Hakuja nyumbani. Alikwenda kituoni. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa damu, na alikuwa amekumbuka maneno ya sajini, kwamba akitolewa damu aje. Alikuwa anaileta hiyo damu. Alisimama mbele ya kaunta ile ile, akafunua kitambaa.

Wakamwuliza, "Unakaa kwa nani?"

Akasema, "Kwa karani."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Basi wewe ni bibi ya mtu. Mambo ya bwana na bibi hatuingilii. Nenda kwa wazee wenu."

Kwanza hakukuwa na kosa kwa kuwa yeye si mke na hakuna damu. Sasa kulikuwa na damu, na hakukuwa na kosa kwa kuwa yeye ni mke. Nimesoma darasa la nne tu, lakini tangu hapo nimeitafuta siku ambayo kosa hilo lingeweza kuandikwa. Siioni.

Sikio hilo halisikii. Umekua ukimwona dada yako akigeuza kichwa unapomwita, ukadhani ni maringo. Uliwahi hata kumwigiza mbele ya wenzako, mkacheka. Sikukugombeza, kwa sababu ningekugombeza ningelazimika kueleza.

Na karani? Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hata moja. Siku ya soko anapita hapo barabarani na baiskeli yake mpya, na akifika usawa wa nyumba yetu anapiga kengele. Mara moja tu. Ndiyo maana Kemunto anashonea chumba cha nyuma, mlango unaotazama migomba. Ndiyo maana nguo zake zinakwenda Daraja Mbili na mimi, na sifa nazipokea mimi. Watu wananiuliza, "Fundi huyu ni nani, mbona hatumwoni?" Nawajibu kwa mbwembwe, "Fundi mkubwa haonekani." Wanacheka. Mimi najua kufanya watu wacheke.

Sasa majirani wanakuja kutupongeza, na kila mmoja ananishika mkono, ananong'ona, "Mama Momanyi, sasa mna askari wenu. Yule karani atajua." Nami nilifurahi nikiwaza hivyo hivyo. Nilikuona umesimama mbele ya duka lake na kofia na rungu, yeye anatokwa na jasho. Jana nilishindwa kujizuia, nikaenda chumba cha nyuma nikamwambia Kemunto, "Mwanangu, vumilia. Sasa tuna askari wetu."

Hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Mama, mimi sikuwa nataka askari wetu. Nilitaka yeyote aliyekuwa zamu."

Nilitoka nikakaa kwenye kuni. Nimekaa na neno hilo tangu jana, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Tata, sikuombi uje umkamate karani. Nilitaka kukuomba, na siombi tena. Ukija na rungu kwa ajili ya dada yako tu, utakuwa mtoto mzuri wa boma hili, nami nitajisifu mpaka wanifunge mdomo. Lakini siku hiyo hiyo kwenye kituo chako kutakuwa na mama mwingine, labda Kiswahili chake ni kibovu, labda amevaa leso iliyotoboka, na msichana wake atasema jambo dogo, jambo la kuchekesha kama sabuni. Mkubwa wako atacheka. Atakuwa mtu mzuri, mwenye watoto, anayekupa sigara. Ataanza kucheka, kisha atakutazama wewe.

Simwoti sajini. Watu kama yule niliwakuta duniani na nitawaacha. Ninayemwota ni yule kijana, kwa sababu alikuwa ameanza kuandika. Alikuwa na umri wako. Alikuwa na meno mazuri. Kuna mama mahali fulani alisimama nje ya seng'enge akimpigia kelele za furaha, na mimi namfahamu mama huyo kama ninavyojifahamu. Sijui ni kitu gani alisahau kumwambia. Labda hakusahau kitu. Labda alimwambia yote haya, na kijana akaitikia ndiyo, ndiyo, akakoroma kama wewe.

Sikuambii utakuwa nani. Nilicheka mbele ya kaunta ile kabla hata askari hawajacheka, na nilicheka shambani kilio kikiita jina langu. Sina mdomo wa kumhubiria mtu. Nakuambia tu kwamba kicheko kinakuja haraka, na mwili unakitaka, na baada yake mtu anaishi miaka mingi sana.

Kesho utakapoamka, nitakuwa nimekupikia uji, na baba yako atakuwa amekwisha kubeba sanduku mpaka barabarani. Nitawaambia majirani waimbe, na watasikika mpaka Birongo. Nitavaa rinda langu la Sabato ingawa si Sabato, na nitajisifu njia nzima. Hayo niachie, ndiyo kazi yangu.

Lakini kabla ya kushuka, pitia chumba cha nyuma. Nimemwambia Kemunto kwamba nimekuandikia. Hakunijibu kama atakufungulia au la, na sikumlazimisha. Gonga mara moja. Mwambie umeambiwa. Usimwahidi kitu, usimwambie utamfanya nani nini. Sema tu, "Nimeambiwa, dada, ninakwenda." Akifungua, namshukuru Mungu. Asipofungua, usisimame hapo mlangoni ukimngoja. Geuka uende zako upesi, asikie miguu yako ikiondoka.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda kupita kiasi, wala sijali nani ananisikia.